Printa Isiyoogopa Mvua

Alhamisi, 12 Oktoba

Baba Rumi, niwie radhi. Daftari hili ulinipa Agosti, siku ile unaondoka, ukasema niandike kila siku kwa sababu kwenye simu tunaishia kugombana au mtoto anaipokonya. Nikakubali. Leo ndiyo naandika neno la kwanza. Gari la Rangel limeshakwenda huko Ujerumani na kurudi sijui mara ngapi, na kila anapopita kuchukua vifurushi ananiuliza, "Daftari la fundi vigae liko wapi?" Mimi namkabidhi mitungi ya pilipili hoho za mama yako na kurudi ndani.

Sina udhuru wa maana. Rumi anaota magego, halali, na asipolala yeye halali mtu. Asubuhi nafua, mchana napika, na katikati watu wanagonga mlango wanataka tanzia. Mji wetu unaujua, wazee wengi kuliko watoto. Na msiba wetu hauishii kwa tanzia moja: kuna ya siku ya kufa, ya arobaini, ya nusu mwaka, ya mwaka, na kuendelea, na kila moja inataka picha, jina na maneno mawili matatu ya huzuni, kisha ibandikwe mlangoni, kituo cha basi na kwenye mlingoti mbele ya duka la mikate. Printa ya wino uliyoniachia bado inajikongoja.

Akiba ya kutuhamisha sisi kuja Stuttgart Mwaka Mpya imo kwenye kopo la kahawa. Sijaigusa.

Mvua bado.

Jumapili, 15 Oktoba

Rumi amelala saa tatu mfululizo. Nami nilikaa kumtazama badala ya kulala. Mjinga mimi.

Alhamisi, 19 Oktoba

Mvua imeanza jana jioni na haijapumua.

Asubuhi kabla sijachana nywele, Bibi Parashkeva akaingia jikoni akiwa ameshika kitu kwa mikono miwili, taratibu, kama mtu aliyebeba sahani ya supu. Ilikuwa tanzia ya arobaini ya marehemu mumewe, Mzee Tseko. Wiki iliyopita nilimchapia nzuri, nikaitia kwenye mfuko wa plastiki ili isiloe, nikaibandika mwenyewe getini kwake. Sasa, mume wangu, mimi niliyesoma mpaka kidato cha mwisho, mfuko niliuweka mdomo juu. Mvua yote ya usiku ikaingia mle. Mzee Tseko alikuwa anaelea. Pua imekwenda kulia, masharubu yamekuwa ya zambarau, na jina lake limetuama chini kama majani ya chai.

"Umemzamisha mume wangu," akasema Bibi. "Na maskini alikuwa hajui kuogelea."

Sikujua nicheke au nilie. Yeye mwenyewe alianza kucheka, kisha machozi yakamtoka, akakaa kwenye kiti cha Rumi, kile kidogo.

"Nakuchapia nyingine sasa hivi, Bibi. Bure."

"Nyingine nayo italoa, binti yangu. Wino wako ni wa maji, na mvua ya kwetu unaijua. Mimi nilitaka nimwone mpaka theluji ianguke, basi. Nikitoka kwenda kununua mkate nimwone, nikirudi nimwone."

Nilimchapia nyingine, mfuko mdomo chini. Lakini maneno yake yamenikaa.

Jumamosi, 21 Oktoba

Mvua. Nepi hazikauki. Mama yako na mimi tumesemeshana mara mbili kutwa nzima, zote mbili kuhusu kuni.

Jumanne, 24 Oktoba

Leo nilimpeleka Rumi kliniki mjini Vratsa, na tulipomaliza nikapitia duka la vifaa vya umeme. Nakwambia ukweli, sikupitia kwa bahati mbaya.

Ipo printa ya leza ya rangi, nyeupe, pana kama jiko dogo, na bei imeshushwa mpaka nikamwuliza muuzaji ina ubovu gani. Yule mama akacheka. Akaniambia haitumii wino wa maji, inatumia unga, unaitwa tona, na unga unayeyushwa kwa moto ukang'ang'ania karatasi. Ndiyo maana hauloi. Haukauki hata ukiuacha mwezi mzima bila kuchapa. Yetu ikikaa wiki moja pua zake za kutolea wino zinaziba na kumpa kila maiti mistari usoni.

Mabaya nayo niliuliza. Ni nzito, mtu mmoja haibebi. Inavuta umeme sana inapopata moto. Na unga inaokuja nao ni wa kuonjea tu, ukiisha lazima ununue rangi nne, na hizo nne zinakaribia bei ya mashine yenyewe. "Mashine rahisi, chakula chake ghali," akasema. "Kama kumlea huyo uliyembeba."

Kuilipia ningelazimika kufungua kopo la kahawa. Na kopo likifunguliwa hakuna safari ya Mwaka Mpya. Nikarudi nyumbani.

Jumatano, 25 Oktoba

Nimemwambia mama yako. Alikuwa anapanga mitungi, hakugeuka.

"Tanzia haiondolewi kwa mkono," akasema. "Mvua ndiyo inaiondoa, na mvua inajua muda wake. Ukimchapa mtu kwenye karatasi isiyoloa, atatukodolea macho mpaka lini? Na rangi za nini? Wafu si vitambaa vya meza."

"Bibi Parashkeva anataka."

"Parashkeva ana huzuni. Mwenye huzuni haulizwi habari za mashine."

Kisha akaongeza, "Tia akiba yako kwenye safari, mkwe wangu. Nenda kwa mumeo."

Ameisema kama mtu anayemfungulia paka mlango. Nimeumia, Ognyan. Nakuandikia kwa sababu uliniambia niandike yote. Katika nyumba hii kuna siku naona kama mama yako anahesabu vijiko akingoja niondoke.

Jumatatu, 30 Oktoba

Jana uchaguzi wa meya. Bibi Parashkeva alishindwa kuvumilia, akamwagiza mwanawe huko mjini amchapie Mzee Tseko kwa leza, kwa rangi, katika koti lake jekundu la harusi ya mjukuu. Wameibandika kituo cha basi katikati ya mabango ya wagombea. Mzee Krum, yule wa nyuki, alisimama pale akasoma wote mmoja mmoja, halafu akaniuliza, "Huyu mwenye koti jekundu ni wa chama gani?"

"Mzee Krum, huyo ni Tseko."

Akavaa miwani. "Basi ningempa yeye kura. Angalau hajatuahidi barabara."

Mvua imenyesha usiku kucha. Wagombea wamebanduka pembeni. Tseko yuko vile vile, hata kifungo cha koti kinaonekana. Mama yako alipita, akamtazama muda mrefu.

Alhamisi, 2 Novemba

Keshokutwa ni Jumamosi ya Wafu. Kila nyumba inataka tanzia mpya. Printa imeziba tangu asubuhi. Nimesafisha pua zake kwa pamba na pombe ya plamu ya baba yako, Mungu amrehemu. Vidole vyangu ni vya buluu, Rumi naye ana sikio la buluu, usiniulize ilikuwaje.

Jumamosi, 4 Novemba

Makaburini tangu asubuhi, mimi, mama yako na mtoto. Tulichukua ngano ya kuchemsha na mkate, tukagawa. Ukungu mzito. Nilizihesabu tanzia zangu njiani, zilizobanduka na zilizovuja, nikaona haya.

Jumatano, 8 Novemba

Umepiga simu. Ukasema chumba umeshakiona, kidogo lakini kina dirisha. Nikasema nafikiria habari ya printa. Ukasema, "Mama Rumi, mimi nazungumzia maisha, wewe unazungumzia printa." Nikakata. Kukata nilikosea. Lakini nami nilikuwa nazungumzia maisha.

Ijumaa, 10 Novemba

Nimeamua nisinunue kwa maneno ya mtu wala nisikatae kwa maneno ya mtu. Nitaijaribu. Nilikwenda Vratsa na flashi mkononi, nikamwomba yule mama wa dukani anichapie ukurasa mmoja kwenye ile iliyowashwa. Kesho nachapa picha hiyo hiyo kwenye yetu, nazitundika zote mbili mvuani pamoja, tuone.

Jumamosi, 11 Novemba

Wewe leo umesikia upande wa simu tu. Nikuelezee upande wa nyumbani.

Nilitaka picha yenye rangi nyingi. Kwenye flashi ilikuwamo moja tu, ile uliyotuma Septemba, umevaa koti la kazi la chungwa na kofia ngumu ya buluu, unacheka, mkate mkononi. Sikuandika neno lolote chini. Nikachapa ya wino, nikachukua na ya leza, nikazipigilia kwa pini kwenye uzio wa nyuma, upande wa miplamu, nikijua hapiti mtu. Nilisahau kwamba mtaa wa mbele umechimbuliwa kwa mabomba, na wiki hii kila anayekwenda kununua mkate anapita nyuma. Nikaingia ndani kumwogesha Rumi.

Mlango ukagongwa. Bibi Parashkeva, kitambaa cheusi kichwani, na mkononi maua mawili ya manjano.

Mawili, Ognyan. Kwetu mtu aliye hai hapewi maua mawili; mawili ni ya maiti. Nilisimama na mtoto anachuruzika maji kwenye bega langu, nikamwuliza, "Nani, Bibi?" Akanikumbatia. "Usijikaze, binti yangu. Lia tu."

Sikuiwaza picha hata kidogo. Nilidhani umeanguka. Nilidhani mtu amempigia mwanawe, mwanawe amempigia yeye, na habari imewafikia wote kabla yangu kwa sababu niliikata simu yako Jumatano. Nikakupigia. Ikaita, ikaita. Baadaye ulisema ulikuwa unakata vigae, husikii. Mimi nilisikia kila mlio. Nilikaa sakafuni.

Kabla sijainuka jikoni palikuwa pamejaa. Mzee Krum kavua kofia, chupa kwapani. Mwalimu wa chekechea na sufuria ya maharage. Yule jirani wa kona ambaye mama yako hamsalimii tangu kesi ya mpaka, naye alikuja, akaanza kuosha vyombo vyangu bila kuuliza sabuni iko wapi. Mtu alimchukua Rumi akamfunga taulo. Mtu alinivalisha soksi. Hakuna aliyesema maneno makubwa. Mzee Krum alisema tu, "Kuni za kipupwe hiki ni juu yangu."

Ndipo mwalimu akasema, "Na picha umeichagua vizuri, anacheka."

"Picha gani?"

"Ile ya uzioni."

Nilitoka mbio na soksi zile. Lakini mama yako alikuwa ameshafika. Alikuwa anarudi na mtindi, kwa njia ya nyuma kama wote. Nilimkuta amekaa kwenye majani yaliyoloa, mtungi wa mtindi mapajani, mzima, anatazama Ognyan wawili. Mmoja amekuwa michirizi ya chungwa mpaka chini. Mwingine anacheka, mkavu, mkate mkononi.

"Mama, yuko hai. Najaribu mashine. Mama, ni majaribio."

Nilipiga magoti nikarudia, nikamshika uso. Alinitazama kama anasoma kwa mbali. Kisha akainuka, akang'oa pini moja moja, ile karatasi kavu akaikunja akaitia kifuani, ile iliyoloa akanipa mimi.

"Hii kula," akasema.

Simu ikalia. Ilikuwa wewe. "Nimesikia kwa watu wa huko nimekufa," ukasema, "na hamjaniambia maziko ni lini." Nilikutukana mbele ya watu wote, nisamehe. Kisha nikalia, na hilo ulilisikia.

Nilidhani watu wataondoka kwa hasira. Mzee Krum akaweka chupa mezani. "Pombe iliyotoka nyumbani kwa ajili ya msiba hairudi," akasema. "Ni mkosi." Wakala maharage, wakanisimanga mpaka Rumi akasinzia kwa kelele. Kwenye msiba glasi hatugonganishi, unajua. Ungekuwa msiba wa kweli tungekunywa kimya. Tulizigonganisha, kila mtu na kila mtu, hata mama yako na jirani wa kona.

Walipokuwa wanatoka Mzee Krum akaninong'oneza, "Lakini yule wa kulia hakulowa kabisa. Nunua."

Jumapili, 12 Novemba

Tumekata kabichi za kuchachusha pipani, mama yako na mimi, tangu tulipotoka kanisani. Yeye anakata, mimi natia chumvi. Pipa likafika nusu. Kisha:

"Nunua hiyo mashine yako."

"Si ulikataa, Mama?"

"Nilikataa kwa sababu ukiinunua utabaki. Na ukibaki watu watasema Nedyalka kamfunga mkwewe mguuni kama kuku. Mwanangu analala peke yake ugenini, mimi nimebaki na mkewe na mtoto wake jikoni kwangu, mahali pa joto. Nilikuwa naona haya kufurahi."

Nikaacha kutia chumvi. "Mimi nilidhani hunitaki hapa."

"Wewe?" Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Na kabichi nani angenitilia chumvi? Mimi naizidishaga."

Nilimwambia hivi, nawe nakuandikia hivyo hivyo: sibaki kwa ajili yake. Jana, kabla hata sijajua kama nimefiwa au sijafiwa, mtu alikuwa ameshanivalisha soksi. Nimefikiria chumba chenye dirisha. Nimefikiria nagongewa mlango na nani huko. Hapa watu wananijia kwa jina langu, wananiletea nyuso za watu wao niwatunze, na mimi nawapa karatasi zinazovuja. Kazi hii naitaka. Naitaka ifanyike vizuri.

"Umwambie mumeo," akasema.

"Nitamwambia."

"Kwa upole."

"Kwa upole. Lakini nitamwambia."

Jumanne, 14 Novemba

Nimekwambia. Ukasema, "Kwa hiyo mashine imenishinda." Jibu ni hili: hujashindwa na mtu. Chumba nakataa, wewe sikukatai.

Nimefungua kopo.

Ijumaa, 17 Novemba

Rangel kaileta kwenye gari lake, yeye na Mzee Krum wakaipandisha ngazi wakitukanana. Ilipoanza kupata moto taa zikafifia na jiko likazimika. Tumekubaliana na mama yako: chakula kwanza, wafu baadaye. Wa kwanza kutoka alikuwa Mzee Tseko, koti jekundu. Karatasi ilikuwa ya moto. Bibi Parashkeva aliibana kifuani mpaka ikapoa.

Hujapiga simu tangu Jumanne.

Jumamosi, 18 Novemba

Hujapiga.

Jumapili, 19 Novemba

Theluji ya maji maji. Hujapiga. Mama yako anasema ulikuwa hivi hivi ukiwa mdogo, unanuna chini ya meza na kuchungulia kama unatafutwa. Nami nimekutumia picha ya mtoto. Huko ndiko kukutafuta.

Jumanne, 21 Novemba

Umepiga. Hukusema hujambo, ulisema, "Inatoa sauti gani?"

Nikaiwasha, nikaweka simu juu yake. Ikaguna, ikakohoa, ikavuta karatasi. Ukasikiliza mpaka mwisho.

"Kama ng'ombe anayecheua," ukasema.

"Ndiyo. Na ni mzito vile vile."

"Umeiweka juu ya nini?"

"Juu ya ile meza ya mguu mbovu."

"Itakuangukia, wewe mwanamke. Machi nikija nitaijengea meza ya maana." Ukaongeza, "Nitakaa mpaka Pasaka. Tuone kazi za huko ziko vipi."

Nilisema sawa. Nilitaka kusema mengi, Rumi akaipokonya simu.

Jumapili, 3 Desemba

Sasa wanaanza kuja walio hai. Mwalimu wa chekechea kataka herufi za ukutani, kubwa, kila moja na mnyama wake. Kuna ubatizo Jumapili ijayo, kadi za mwaliko. Mzee Krum kataka lebo za asali kwa soko la Krismasi, na nyuki wake awe mnene. "Mnene, binti, amekula." Nilimchora mnene.

Kisha mama yako akaja na mtungi wa pilipili hoho, akauweka mbele yangu kama mteja.

"Na mimi nataka lebo."

"Niandike nini? Pilipili za Bibi?"

"Bibi nani? Andika Nedyalka. Herufi nyekundu." Akafikiri. "Na pembeni weka ua. Moja."

Jumatano, 6 Desemba

Sikukuu ya Mtakatifu Nikola. Tumekaanga samaki. Lebo zimekwisha mara moja, Mzee Krum kaagiza tena.

Alhamisi, 14 Desemba

Rangel anaondoka kesho alfajiri na safari hii daftari analibeba, alikuwa ameshalitia kifuani ndani ya koti, nikamwomba anirudishie saa moja tu nilimalize. Soma polepole. Ukikasirika mahali, endelea mbele, huenda ukurasa unaofuata ukakupoza.

Akirudi, mpe hivi:

Buti za Rumi zenye sufi ndani, namba ishirini na mbili, si ishirini na moja, mguu umekua.

Ile dawa ya kikohozi yenye dubu kwenye boksi.

Waya mnene wa umeme, mita tano, kwa sababu huu wetu nikiushika unachoma.

Soksi za mama yako za kubana, nyeusi, mbili. Asijue nimeagiza mimi.

Karatasi nene nyeupe za kadi, pakiti moja. Tumepata ubatizo mwingine, na mjukuu wa jirani wa kona anaolewa.

Na tona, namba yake nimeiandika nyuma ya daftari: manjano mbili, ya waridi moja, ya buluu moja. Nyeusi usilete, bado ipo nyingi.